Land Rover kuukuu ina thamani gani? Hesabu ya kufanya kabla ya kuiuza

Katika mashamba, misheni na yadi za gereji kuanzia Nanyuki hadi Iringa, bado yamo magari ya miaka ya 1950, 1960 na 1970 ambayo hayajawahi kukarabatiwa. Mengine yamesimama juu ya matofali kwa miaka kumi au zaidi. Mengi huishia kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa dalali aliyepita njiani, na baadaye huonekana bandarini yakipakiwa kwenye kontena.

Wapo pia wenye magari wanaokosea upande wa pili. Baada ya kusikia kwamba magari ya zamani ni mali Ulaya, hupiga rangi mpya, hubadilisha viti, kisha hutaja bei kubwa na kukaa bila mnunuzi. Pande zote mbili hasara inatokana na jambo moja: bei hutajwa kabla gari halijapimwa.

Makala hii inaeleza namna ya kukadiria bei ya gari la zamani ambalo halijakarabatiwa, kwa kutumia mfano wa Land Rover, gari la zamani linalopatikana kwa wingi katika Kenya, Tanzania na Uganda. Utaratibu wenyewe unafaa pia kwa Peugeot 404 na 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Mercedes-Benz za zamani na Toyota Land Cruiser FJ40.

Gari moja, bei mbili

Jambo la kwanza ambalo muuzaji anapaswa kufahamu ni kwamba gari la zamani lina masoko mawili, na kila soko lina bei yake.

Soko la kwanza ni la kazi. Mnunuzi wake ni mkulima, mwenye machimbo, mbeba mkaa au mwenye gereji anayetaka spea. Huyu anauliza: linawaka? Linapanda mlima? Spea zake zinapatikana? Kwake, Land Rover yenye injini ya dizeli ya Nissan au Isuzu iliyofungwa na fundi hodari ni bora kuliko yenye injini yake ya asili ya petroli inayokunywa mafuta.

Soko la pili ni la kumbukumbu. Mnunuzi wake ni mkusanyaji wa magari ya kale, mkarabati wa Ulaya au Marekani, au mpenzi wa magari wa Nairobi anayeandaa gari la maonyesho. Huyu anauliza: ni la mwaka gani? Namba zake zinalingana? Limebaki lilivyotoka kiwandani? Kwake injini ya Nissan ni kasoro inayopunguza bei, hata kama gari linatembea vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, muuzaji aamue gari lake ni la soko lipi. Anayepeleka gari la kazi kwenye soko la kumbukumbu hatapata mteja. Anayepeleka gari la kumbukumbu kwenye soko la kazi atalipwa bei ya kuku kwa ng'ombe.

Kujua gari ni lipi

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948 mjini Amsterdam. Toleo la kwanza, yaani Series I, lilitengenezwa hadi 1958. Series II ilifuata kuanzia 1958 hadi 1961, Series IIA kuanzia 1961 hadi 1971, na Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Namba kama 88 na 109 zinazotajwa na mafundi ni urefu kwa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Wengi hutambua toleo kwa kuangalia taa. Series II na IIA za mwanzo zina taa kubwa katikati, karibu na rejeta, na IIA za mwisho pamoja na Series III zina taa kwenye mabawa ya mbele. Njia hiyo haitoshi, kwa sababu mabawa hufunguliwa kwa boliti na kubadilishwa kila gari linapogongwa. Dashibodi husaidia zaidi: katika Series II na IIA saa ya mwendo iko katikati ya gari, na katika Series III iko mbele ya dereva. Hata dashibodi nayo huweza kuhamishwa, na ndiyo maana neno la mwisho ni namba ya chasisi.

Katika magari haya namba ya chasisi huwa imegongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na mahali springi inapofungwa. Huwa imefunikwa na matope na rangi ya miaka mingi. Isafishwe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, isipigwe msasa wa mashine, kwa maana alama ikifutika thamani nayo imefutika. Namba nyingine iko kwenye bamba dogo ndani ya gari, na namba ya injini imegongwa kwenye bloku. Magari ya miaka ya 1980 yana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayoanza na SAL.

Namba hizo zilinganishwe na zile za kwenye kadi ya gari au logbuku. Zikilingana zote, yaani chasisi, bamba, injini na karatasi, gari limepanda daraja. Zikipishana, muuzaji ajue sababu kabla mnunuzi hajauliza. Injini iliyobadilishwa kihalali na kuandikishwa ni jambo la kawaida. Namba ya chasisi isiyofanana na karatasi ni jambo la polisi.

Mwaka nao uangaliwe kwa makini. Kwenye karatasi nyingi za zamani mwaka ulioandikwa ni ule gari lilipoandikishwa nchini, si ule lilipotengenezwa. Kwa Land Rover, jumba la makumbusho la British Motor Museum lililoko Gaydon, Uingereza, huhifadhi kumbukumbu za kiwanda na hutoa cheti kwa malipo. Cheti hicho huonyesha tarehe gari lilipotengenezwa, rangi yake ya kwanza na mahali lilikopelekwa. Kwa Peugeot, huduma kama hiyo hutolewa na L'Aventure Peugeot Citroën DS ya Ufaransa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na tofauti ya bei ambayo karatasi hiyo inaweza kuleta.

Kupima kutu mahali panapostahili

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, kwa hiyo haishiki kutu kama bodi ya chuma. Hali hiyo huwadanganya wengi. Gari linaweza kuonekana zima kwa nje huku chasisi, ambayo ni ya chuma, ikiwa imeoza kwa ndani.

Sehemu tatu ndizo za kuchunguza. Ya kwanza ni chasisi, hasa nyuma na pale springi zinapofungwa. Fundi aigonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufifia. Ya pili ni ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, hasa chini penye miguu ya dereva na kwenye nguzo za milango. Ya tatu ni pale alumini inapogusana na chuma, ambapo alumini hugeuka unga mweupe.

Sumaku ndogo ni kifaa cha bei nafuu na chenye faida. Kwenye ukuta wa injini au chasisi, mahali isiposhika pamejazwa puti. Kwenye mabawa haitashika, kwa kuwa ni alumini, na hiyo si kasoro. Kwa Peugeot au Volkswagen, zenye bodi ya chuma, sumaku ipitishwe kila mahali, hasa chini ya milango na kwenye sakafu.

Mahali gari lilipoishi nako ni sehemu ya bei. Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Bagamoyo limekula hewa ya chumvi. Lililokaa Dodoma, Turkana au Karamoja mara nyingi huwa na chuma kizima hata kama rangi imekwisha na viti vimepasuka. Mnunuzi wa Ulaya, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, hulipia chasisi kavu kuliko rangi inayong'aa.

Ndiyo sababu muuzaji anashauriwa asipige rangi kabla ya kuuza. Rangi ya zamani iliyopauka ni ushahidi kwamba hakuna kinachofichwa. Rangi mpya humfanya mnunuzi ashuku puti na uchomeleaji chini yake, na hupunguza bei badala ya kuiongeza. Gari lioshwe, litolewe uchafu, lipigwe picha lilivyo. Vipande vilivyofunguliwa, kama vioo, vifuniko vya magurudumu, jeki na vitabu vya mafunzo, vikusanywe na vihesabiwe. Kifaa kidogo cha asili kilichopotea kinaweza kumgharimu mkarabati miezi ya kukitafuta.

Faida ya uasilia kwenye forodha

Wauzaji wengi hudhani kwamba uasilia ni ushabiki tu wa wakusanyaji. Ukweli ni kwamba una fedha ndani yake, na fedha hiyo huonekana kwenye forodha.

Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, gari lenye umri wa angalau miaka 30, la aina isiyotengenezwa tena, na lililo katika hali yake ya asili, laweza kuingizwa chini ya fungu la forodha namba 9705, fungu la vitu vya wakusanyaji. Hali ya asili maana yake ni kwamba chasisi, bodi, injini, usukani, breki na sehemu nyingine kuu hazikubadilishwa kwa kiasi kikubwa. Ukarabati na matengenezo huruhusiwa.

Nchini Uingereza gari la fungu hilo halitozwi ushuru wa forodha, na hulipiwa VAT ya asilimia 5. Gari la abiria la kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 10, kisha VAT ya asilimia 20 juu ya jumla. Kwa gari lenye thamani ya pauni 10,000 pamoja na nauli na bima, gari la kawaida litalipa ushuru pauni 1,000 na VAT pauni 2,200, jumla pauni 3,200. Gari la fungu la 9705 litalipa pauni 500. Tofauti ni pauni 2,700, na mnunuzi huipiga hesabu kabla ya kutoa bei yake.

Nchini Marekani, gari lililotimiza miaka 25 tangu litengenezwe halilazimishwi kufuata viwango vya usalama vya magari mapya linapoingizwa. Nako tarehe ya kutengenezwa ndiyo inayoangaliwa, hivyo karatasi ya kiwanda huokoa usumbufu.

Hesabu yenyewe

Gari ambalo halijakarabatiwa hukadiriwa kwa kuanzia mwisho. Muuzaji atafute kwanza gari kama lake, lililokwisha kukarabatiwa, linauzwa kiasi gani kule mnunuzi aliko. Aangalie bei zilizolipwa kwenye minada, si bei zinazoombwa na wauzaji. Kutoka hapo atoe gharama zote ambazo mnunuzi atabeba. Kinachobaki ndicho bei ya gari lilipo leo.

Chukua mfano wa kubuni wa Land Rover 88 ya abiria iliyoko Arusha, yenye injini yake lakini chasisi ina kutu. Tuseme ikikamilika itauzwa dola 18,000 Uingereza. Hesabu itakuwa hivi:

Chasisi na ukuta wa injini: dola 4,500
Injini, giaboksi, breki na springi: dola 2,500
Rangi, viti na matairi: dola 2,500
Nauli ya meli na gharama za bandari: dola 2,500
Usafiri kutoka Arusha hadi bandarini: dola 500
Kodi ya asilimia 5: dola 310
Faida ya mnunuzi na tahadhari: dola 2,000

Jumla ya makato ni dola 14,810. Kinachobaki ni dola 3,190. Muuzaji anayeomba dola 10,000 atangoja sana, na anayekubali dola 600 amenyang'anywa.

Sasa hesabu hiyo ibadilishwe. Kama chasisi ni nzima na inaokoa dola 3,000 za matengenezo, gari hilohilo linafikia karibu dola 6,000, hata kama kwa macho hayana tofauti. Kama injini ya asili haipo na badala yake kuna ya Nissan, mnunuzi ataongeza kwa mfano dola 1,500 za kutafuta injini sahihi. Aidha, gari linaweza kukosa fungu la 9705 na kulipa kodi kamili. Kwa makato hayo mnunuzi huyo hawezi kutoa hata dola 800.

Hapo muuzaji hapaswi kukata tamaa, bali ageukie soko la kwanza. Ikiwa mkulima wa Karatu yuko tayari kutoa dola 2,500 kwa gari linalowaka na kubeba mzigo, basi huyo ndiye mnunuzi wa gari hilo. Bei ya kazi ndiyo sakafu, na hakuna sababu ya kuuza chini yake kwa sababu tu mnunuzi ametoka mbali.

Majirani na mipaka

Wafanyabiashara wengi hufikiria kwanza kuuza ng'ambo ya mpaka. Hapa inahitajika tahadhari. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, kwa kiwango cha KS 1515. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Hivyo Land Rover ya 1969 yenye namba za Tanzania haiwi gari la Kenya kwa kuvuka Namanga tu. Kibali cha kuingiza gari kwa muda, pamoja na bima ya kadi ya njano ya COMESA, humruhusu mwenye gari kutembea nalo, si kuliuza huko.

Mnunuzi wa Nairobi anayetoa bei nzuri kwa gari lililoko Moshi aulizwe mapema ataliandikisha vipi. Kama jibu lake ni kwamba anahitaji bamba na karatasi tu ili azifunge kwenye gari jingine, biashara hiyo ikataliwe. Ni kosa la jinai, na jina litakalotafutwa kwanza ni la aliye kwenye kadi.

Upande wa usukani nao ni suala la soko. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto, na magari yake ya usukani wa kulia hupata wateja Uingereza na Australia. Burundi, Rwanda na Kongo huendesha kulia. Gari la usukani wa kushoto lililobaki Bujumbura au Bukavu linafaa zaidi kwa mnunuzi wa Ufaransa, Ubelgiji au Ujerumani.

Jambo jingine ni ushuru wa zamani. Land Rover nyingi ziliingia kwa msamaha wa kodi kupitia misheni, balozi na miradi ya misaada. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, mali iliyosamehewa ushuru ikihamia kwa mtu asiyestahili msamaha huweza kudaiwa ushuru. Muuzaji apate uthibitisho wa mamlaka ya mapato kabla ya kupokea fedha, la sivyo deni litakula bei yote.

Historia bila karatasi

Katika Afrika Mashariki karibu kila gari la zamani lina hadithi ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953, na Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, na Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978. Tangu 2003 yamekuwapo pia mashindano ya East African Safari Classic Rally kwa magari ya zamani, na yameongeza hamu ya wanunuzi.

Gari lililoshiriki kweli lina bei nyingine kabisa. Lakini mnunuzi hulipia ushahidi: picha yenye namba ya gari, karatasi ya ushiriki, au logbuku yenye jina la dereva aliyeorodheshwa. Bila hivyo, muuzaji alitaje kama gari la kawaida. Vivyo hivyo kwa gari linalodaiwa kuwa la gavana au waziri wa zamani. Karatasi za serikali, risiti za gereji na picha za familia zilizowekwa kabatini zisitupwe, kwa maana ndizo zinazogeuza maneno kuwa fedha.

Kwa wasafirishaji

Gari lililosimama muda mrefu lisivutwe kwa kamba barabarani, bali lipandishwe kwenye lori. Breki na matairi ya miaka kumi hayaaminiki, na ajali moja hufuta hesabu yote. Kontena la futi 20 lina takriban mita 5.9 kwa ndani, hivyo hubeba Land Rover moja pamoja na spea. Kontena la futi 40 lina takriban mita 12. Kwa kuwa Land Rover 88 ina urefu wa takriban mita 3.6, tatu huingia zikipangwa vizuri, na nauli ya kila moja hushuka. Keria za juu zifunguliwe kabla ya kufika bandarini, kwa sababu mlango wa kontena la kawaida una kimo cha takriban mita 2.3 tu.

Msafirishaji apige picha gari pande zote kabla ya kupakia, aandike orodha ya vifaa vilivyomo, na muuzaji aweke saini. Migogoro mingi kuhusu taa na vioo vilivyopotea njiani humalizwa na orodha hiyo.

Kabla ya kupokea fedha

Kwa kifupi, muuzaji awe na mambo matano mkononi: namba zilizolinganishwa, mwaka uliothibitishwa, hali ya chasisi iliyopimwa na fundi asiye wa mnunuzi, uthibitisho kwamba hakuna deni la ushuru, na hesabu ya makato kutoka bei ya mwisho. Picha za namba ya chasisi na kadi zisitumwe kwa kila anayeuliza, bali kwa mnunuzi aliyeonyesha nia ya kweli, kwa kuwa matapeli huzitumia kuandaa karatasi bandia. Umiliki uhamishwe, au gari lifutwe kwenye daftari la usajili linapopelekwa nje, siku ileile fedha inapokamilika.

Dalali anayepita njiani huja na hesabu yake tayari kichwani. Mwenye gari akiwa na yake, mazungumzo huwa ya wafanyabiashara wawili.